Gari Halitetemeki Juu ya Jeki

Kiti cha abiria kilikuwa bado na damu, na Fundi alikuwa ametandika gunia juu yake ili asiione.

Mpelelezi aliliinua gunia kwa ncha ya kalamu, akatazama, akalirudisha. Kituoni walimwita Kobe, kwa jinsi alivyozoea kuingiza shingo ndani ya kola kabla ya kuuliza swali. Akaiingiza sasa.

"Dada yako alikaa hapa?"

"Hapo hapo, afande."

"Alifunga mkanda?"

"Alifunga. Mkanda ndio uliomshikilia mlango ulipomfuata ndani." Fundi alijifuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono. "Tulimtoa kwa mtaimbo."

Lilikuwa gari la porini la Idara ya Maji, la matairi makubwa na ekseli moja nene ya mbele, gari la kupanda mawe na kuvuka makorongo. Siku ya ajali lilitoka barabarani kwenye mteremko, likajipigiza ubavu kwenye ukingo wa kalavati. Dereva alitoka na mchubuko kwenye kipaji cha uso. Mkewe hakutoka.

Tangu siku hiyo dereva alikuwa na maneno yale yale. Walipita kwenye shimo, usukani ukaanza kutetemeka, ukatetemeka mpaka ukamnyang'anya mikono, gari likajiendea. Mkuu wa Idara naye alikuwa na yake: gari zima, limekaguliwa, dereva mlevi. Polisi hawakumkuta na harufu ya pombe, lakini neno la Mkuu huwa halinuswi. Kesho asubuhi dereva angesimamishwa mahakamani kwa kumuua mkewe kwa uzembe. Kobe alikuwa amepewa mpaka jioni, na bosi wake alimwambia wazi kwamba hata hiyo jioni ni ya kumstiri tu.

Fundi wa karakana ya Idara, hapo hapo walipokuwa, alikuwa mdogo wa marehemu, tumbo moja. Makaburini alimtemea mate shemeji yake mbele ya waombolezaji, huku shemeji mwenyewe amefungwa pingu na askari kulia na kushoto. "Umeshamla," alimwambia. "Nenda sasa ukale chakula cha bure." Kwa sababu hiyo hasa Kobe alimchagua yeye alikague gari. Anayemchukia mshtakiwa hawezi kusema gari ni bovu kama si bovu kweli.

Ndivyo Kobe alivyofikiri asubuhi.

"Anza," alisema.

Fundi alisukuma jeki chini ya ekseli, akapampu mpaka magurudumu ya mbele yakaning'inia. Akashika tairi la kushoto juu na chini, akalitikisa. Kimya. Akalishika kulia na kushoto, akalitikisa tena. Kimya. Akaenda upande wa pili.

"Beringi nzima. Boljointi nzima. Tairodi hazichezi. Njoo ushike mwenyewe, afande, usije ukasema nimekudanganya."

Kobe alishika. Ilikuwa kama kushika ukuta.

"Na walioandika ripoti ya Mkuu walilikagua hivi hivi?"

"Hivi hivi. Jeki juu, shika, tikisa. Ndivyo tunavyofanya siku zote." Fundi alitema mate pembeni. "Gari halina neno. Mwenye neno yuko ndani kwenu."

Kobe alilala chali kwenye turubai, akajisogeza chini ya gari. Chini kote kulikuwa na matope makavu, mekundu, mazito kama plasta. Chini ya matope, palipobanduka, palionekana rangi ya kijani. Magari yote ya porini ya Idara yalipigwa rangi ile tumboni yasishike kutu. Nyuma ya ekseli, ikiwa imelala kwa ubavu, kulikuwa na shokomzoba nyembamba, ile ya kuutuliza usukani. Ilikuwa inang'aa. Haikuwa na tope isipokuwa vumbi la safari moja.

"Hii mpya."

"Ipi?"

"Usiniulize ipi. Hii inayong'aa kama jino la dhahabu. Nani kaifunga?"

Miguu ya Fundi ilihama kidogo. "Mimi. Siku moja kabla ya safari. Matengenezo ya kawaida tu."

"Dereva alilalamika?"

"Madereva kazi yao kulalamika."

"Alilalamika nini?"

Miguu ilijisogeza nyuma ya tairi.

"Nimelala kwenye mafuta machafu, kijana. Usinifanye nikuulize mara ya pili."

"Alisema usukani unacheza. Nikamfungia hiyo. Ukatulia. Akashukuru."

Kobe alijitoa chini ya gari, akakaa kitako. "Yaani usukani ulitetemeka. Wiki nzima mmeniambia mlevi."

"Ulitetemeka ukapona!" Fundi alianza kuongea haraka. "Na kama haukupona, basi ni matairi, afande. Rimu ikipinda kidogo tu, usukani unacheza. Hata kokoto kubwa ikikwama kwenye tairi. Nipe nafasi nibadilishe matairi ya mbele, tutajua."

"Badilisha."

Alipokuwa anafungua nati, mlango wa ofisi ulifunguka juu ya ngazi. Mkuu wa Idara alitoka na funguo zikizunguka kidoleni. Alikuwa mtu wa kunukia vizuri mahali pasipostahili.

"Afande, bado mnakuna chuma? Mfu hafufuki kwa spana."

"Namtafuta aliye hai, Mkuu."

"Aliye hai mnaye kwenye mahabusu." Mkuu alicheka peke yake. Akaingia kwenye gari lake, jeupe, ndugu pacha wa lile lililoua, ila hili halikuwahi kuona korongo. Akalizungusha uani kwa kidole kimoja cha shahada juu ya usukani, makusudi, wamwone. "Gari ni matunzo!" alipaza sauti akitoka getini.

Kobe alimfuata kwa macho, kisha kwa miguu. Getini alikaa mlinzi, mama mnene aliyevaa koti la sare juu ya kanga, akichambua dengu kwenye sinia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayewachelewesha watu na haki yao?"

"Ndiye mimi. Mkuu anaendesha vizuri."

Mama mlinzi aliguna. "Sasa. Ungemwona mwanzo wa mwezi. Akipita kwenye tuta hilo hapo nje, usukani unamtikisa mpaka mashavu. Tulikuwa tunamwita Bwana Cherehani, mimi na mfagizi. Usinitaje, nina wajukuu."

"Ukapona lini?"

"Siku hizo hizo dereva wetu alipoanza kulia lia na lake. Nilimwambia, baba, labda yanaambukizana." Alitupa jiwe dogo kutoka kwenye dengu. "Yule hakuwa mtu wa mbio, afande. Jina lake hapa ni Taratibu. Abiria walikuwa wanashuka wanamtangulia kwa miguu. Mlevi gani huyo?"

"Hayo umemwambia nani?"

"Nani kaniuliza?"

Kobe alirudi uani polepole, shingo imezama kwenye kola. Ugonjwa umetoka kwenye gari moja ukaingia kwenye jingine. Chuma hakikohoi. Chuma kinahamishwa.

Fundi alikuwa amemaliza matairi. "Tayari. Nilizungushe?"

"Zungusha."

Fundi aliliendesha kuzunguka ua, mara moja, mara mbili, akasimama akiwa na tabasamu la mtu aliyeshinda. "Umeona? Limetulia kama maji ya mtungi."

"Umeliendesha mwendo wa jeneza. Sasa nijibu. Gari hili lilipomtikisa dereva, lilikuwa juu ya jeki?"

"Hapana, afande. Linatembea juu ya jeki?"

"Basi kwa nini kila aliyelikagua amelikagua likiwa hewani, vyuma havina uzito wa kuvibana? Liache chini. Kaa kwenye usukani, injini ikiwa imezimwa. Uzungushe kushoto na kulia, kwa nguvu, usipumzike. Mimi nalala huku kuangalia kinachocheza."

Fundi alikaa. Kobe akalala, akauweka mkono wake kwenye chuma kirefu kilichokatiza chini ya gari kutoka kwenye chasisi hadi kwenye ekseli. Mafundi walikiita mkono. Kazi yake moja tu, kuishika ekseli isiende kushoto wala kulia. Mkono huo ukilegea, ekseli inacheza, na usukani unacheza nayo.

"Zungusha!"

Usukani ulikwenda kushoto polepole, ukarudi kulia polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga aliyeanza kusinzia. Chuma hakikusogea.

"Kwa nguvu, nimesema!"

"Ndiyo nguvu yangu hiyo, afande. Tangu msiba sijala vizuri."

Kobe alikuwa anautazama mkono ule. Chini ya tope lililopakwa juu juu, ambalo lilikuwa laini bado pale ambapo tope la jirani limekauka, hakukuwa na kijani. Ulikuwa mweusi. Aliuacha. Kuna maswali ambayo ukimuuliza mtu akiwa amekaa salama, anakujibu kwa usalama.

Alisimama, akaokota waya chini, akaufunga mlango wa abiria uliopinda. Akalitandaza gunia vizuri kwenye kiti.

"Panda."

"Niendeshe mimi, afande. Nalijua."

"Panda upande wa pili."

Fundi alilitazama gunia. "Pale?"

"Kuna kiti kingine?"

Alipanda kwa kupitia upande wa dereva, akakaa ukingoni, matako nusu. Kobe aliwasha, akatoka getini, akashika barabara ya nje iliyoshuka kuelekea kwenye tuta. Akabadilisha gia. Akabadilisha tena.

"Beringi nzima?"

"Nzima."

"Boljointi, tairodi?"

"Nzima, afande. Mbona unakimbia?"

"Shokomzoba mpya. Matairi umebadilisha. Kwa hiyo gari zima."

"Zima. Afande, mbele kuna tuta."

"Naliona. Funga mkanda."

Fundi aliutafuta mkanda, akaukuta umekatwa kwa kisu pale walipomkatia dada yake. Kipande kilibaki mkononi mwake. Mlango uligongagonga kwenye waya. Mwendo ulipanda, na usukani ulianza kunong'ona kwenye viganja vya Kobe, mtetemo mdogo, kama simu iliyozimwa sauti.

"Afande, punguza."

"Gari zima, unaogopa nini? Mlevi ndiye aliyeua, na mimi sijanywa."

"Punguza, nakuomba."

"Dada yako naye aliomba?"

"Punguza! Ile bolti haishiki! Tuta litaikata, tutakufa wote! Bolti ni nyembamba!"

Kobe alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari lilipiga kelele, likasimama pua yake ikiwa juu ya tuta. Vumbi liliwapita.

Kobe alizima injini.

"Tangu asubuhi tumezungumza matairi, beringi na rimu," alisema. "Bolti ipi?"

Fundi alikuwa analia kwa mdomo wazi, kama mtoto, kipande cha mkanda bado mkononi.

Alisema yote pale pale, juu ya gunia. Gari la Mkuu lilianza kutikisika. Mkuu akamwita ofisini, akamwambia hawezi kupepetwa kama mchele mbele ya wageni. Stoo haikuwa na vipuri, haikuwa navyo tangu zamani. "Akasema azima." Pale karakanani kila kitu kiliazimwa. Taa ya Mkuu ikiungua, inaazimwa kwenye gari la porini. Betri yake ikichoka, inaazimwa. Hakuna aliyewahi kuona kitu kikirudishwa. Basi akaufungua mkono mzima wa gari la Taratibu, akaufunga kwa Mkuu, na ule uliochoka wa Mkuu akaufunga kwa Taratibu. Bolti yake ilikuwa imekufa meno. Akatafuta nyingine kwenye kopo la vyuma chakavu. Aliyoipata ilikuwa nyembamba kuliko tundu.

"Nilisema nitarudisha, afande. Wallahi nilisema nitarudisha."

"Dereva akaja kulalamika."

"Akaja. Nikamfungia shokomzoba."

"Ikaponya?"

"Inaficha tu. Ukipiga shimo kubwa, inashindwa."

"Na hilo ulilijua."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Mama yao alikuwa mgonjwa kijijini, na dada alikuwa na hofu na gari. Alikuja karakanani, akamuuliza mdogo wake kama ni salama. "Nikamwambia dada, panda, nimelitengeneza kwa mikono yangu."

"Na kule makaburini? Mate yale?"

"Watu walikuwa wananitazama," Fundi alisema.

Uani, Kobe alimfanya aifungue bolti mwenyewe. Ilitoka kwa vidole, bila spana. Tundu lilikuwa limelika mpaka likawa na umbo la yai. Mkuu aliporudi kutoka chakula cha mchana, Kobe alichuchumaa kando ya gari jeupe kabla halijapoa. Tumbo lote lilikuwa jeusi, rangi ya kiwandani, isipokuwa mkono mmoja wa kijani, kama mguu wa mtu mwingine.

"Mkuu, huu si wako."

Mkuu hakuinama kuangalia. "Afande, mimi nilisema gari langu lisitetemeke. La mwenzangu sikulitaja kabisa. Una mtu aliyenisikia nikilitaja?"

"Ulisema azima."

"Ni neno la kosa hilo? Basi funga jela majirani wote."

Kobe aliuchukua mkono wa kijani kama kidhibiti, na ule mweusi, na bolti. Gari jeupe akaliacha juu ya jeki, halina pa kwenda. Hiyo ndiyo furaha pekee aliyoipata siku ile. Halafu akampigia bosi wake.

Bosi alisikiliza mpaka mwisho. "Kazi nzuri. Mlete fundi, muachie dereva."

"Na Mkuu?"

"Mkuu ni shahidi."

"Shahidi wa nini, mzee?"

"Kwamba gari lilikuwa bovu."

"Ndiye aliyeandika kwamba ni zima."

"Sasa ataandika kwamba ni bovu," bosi alisema, akakata.

Jioni jua lilikuwa bado kwenye dirisha la juu la mahabusu askari alipofungua mlango wa chuma. Taratibu alitoka, mtu mfupi, ndevu zimemvamia, blanketi la kufumwa limekunjwa kwapani. Kwenye ukumbi mwembamba alikutana uso kwa uso na shemeji yake aliyekuwa anaingizwa. Kobe alikuwa ameshamweleza, kwa maneno machache, kwa sababu mengi hayasaidii.

Fundi alipiga magoti. "Shemeji."

Taratibu alimtazama kama mtu anayesoma kibao cha barabara.

"Shemeji, sikujua kama litaua."

"Ungemtemea mate nani kama ungejua?"

Askari alimsukuma Fundi ndani. Sakafu ilikuwa saruji tupu, na maji yalikuwa yanapita chini ya ukuta kutoka chooni. Fundi alishika nondo.

"Basi niachie blanketi, shemeji. Humu kuna baridi, unajua mwenyewe. Kesho utalichukua."

Dereva alisimama. Alilitoa blanketi kwapani, akalikunjua, akalitazama, nyuzi za njano na za bluu, na kona moja iliyofumuka. Kobe alidhani atampa.

"Hili alilifuma dada yako," Taratibu alisema. "Nikikuazima, litarudi?"

Akalikunja tena, taratibu, kona kwa kona, akaondoka nalo.

Nje ya kituo walisimama kando ya barabara, Kobe akitafuta neno la kumwambia mtu aliyeshinda kesi akarudi kwenye nyumba tupu. Gari jeupe lilikuja kutoka upande wa Idara. Lilipiga shimo mbele ya kituo, likalivuka bila kuyumba. Mkuu aliwapungia mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa kwenye usukani, kidole kimoja.

Kobe aligeuka akatazama mlango wa kituo. Mkono wa kijani ulikuwa humo ndani, kwenye stoo ya vidhibiti, ufunguo ukiwa mfukoni mwake.

"Nililiacha juu ya jeki," alisema. "Mchana huu huu. Mkono mwingine ameutoa wapi?"

Taratibu alilisogeza blanketi kwapani. Idara ilikuwa na magari mengine ya porini, na yote yana madereva, na kesho ni siku ya safari.

"Ameazima," alisema.